Tumbaku ya Kichuguuni

Mke wangu aliitwa Niyibizi. Siku ya nikahi shehe alimpa jina la Mwajuma, akalipokea vizuri, lakini hapa Kasingirima, mtaani kwetu Ujiji, hakuna aliyelitumia. Alikuwa Niyibizi mpaka tulipomzika, mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza. Watu wakiniuliza habari zake sina mengi. Nawaambia alikuwa mlima tumbaku. Anayejua tumbaku anaelewa.

Tumbaku ya wazee wa huku haina moshi. Jani kavu linavunjwavunjwa, linalowekwa kwenye maji kidogo, na yale maji yakishakuwa mekundu yanamiminwa puani. Kisha pua inabanwa. Wengine wanabana kwa vidole, wengine wana kibanio cha mti. Mtu aliyebana pua hasemi. Ukimsalimu anakuinulia mkono tu, machozi yanamtiririka, na unamwacha mpaka aachie mwenyewe. Waha wanafanya hivyo, Warundi wanafanya, na sisi ambao babu zetu walitoka ng'ambo ya ziwa tuliwakuta nayo tukajifunza. Mimi sikujifunza. Nilijaribu nikiwa kijana nikaangukia kwenye pipa la mawese. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, kukamua mawese, na ndugu zangu walinicheka mpaka walipozeeka.

Niyibizi alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, msichana, na mama yake Capitoline. Walibeba sufuria, blanketi na kikopo cha mbegu ya tumbaku. Njiani watu walimsema yule mama.

"Wenzako wamebeba maharage, wewe umebeba vumbi?"

Maana mbegu ya tumbaku ni kama vumbi kweli, ukipiga chafya imekwisha.

"Maharage nitayakuta," akawajibu.

Na kweli, maharage aliyakuta. Tumbaku ile hakuikuta. Ya huku ilikuwa nyingine, pana majani, nzuri kwa kusokota na kuvuta. Ya kwao ilikuwa ya maji. Akaipanda bondeni, karibu na mto Luiche, na mama alipofariki, Niyibizi akaendelea nayo. Wakati huo tulikuwa tumeshaoana na tumempata binti yetu, Tausi.

Kila msimu, jani likishakauka, wazee walikuja uani kwetu kuipima. Niyibizi hakuwa anawauliza kama ni kali. Ukali kila mtu anaujua. Alikuwa anauliza, "Inapanda wapi?" Ya hovyo inabaki puani inawasha tu. Mbaya zaidi inashuka kooni, mtu anatapika. Yake ilipanda katikati ya nyusi, ikakaa pale, halafu ikaondoka taratibu kama mgeni mwenye adabu. Na hakuwa anawaamini kwa maneno. Aliwaangalia miguu.

"Uso unadanganya, Baba Tausi," aliniambia. "Mtu anaweza kukaza uso. Vidole vya miguu havikazi."

Mzee Sumaili, jirani yetu, muuza kamba za nyavu, ndiye alikuwa pua aliyoitegemea zaidi. Alikuwa akija na kibanio chake, anamimina, anabana, anafumba macho. Vidole vyake vya miguu vilijikunja kama mkono unaoshika sarafu. Niyibizi alikuwa akiviona hivyo anaingia ndani kupika chai. Hakuhitaji zaidi.

Ilipofika miaka ya tisini watu walikuja wengi. Kwanza kutoka Burundi, halafu kutoka Kongo, maboti yamejaa hadi kingo zinagusa maji. Ujiji yote ilikuwa na wageni. Warundi walipelekwa kwenye makambi ya huko bara, Kasulu na kwingine. Siku moja mwanamke mmoja mchuuzi wa chumvi akaja na salamu: kambini kuna bibi anaitwa Ndayikunda, anamtafuta mtoto wa Capitoline. Alikuwa mama yake mdogo. Niyibizi alikuwa hajui kama yu hai.

Tulikwenda wote. Tulimkuta kwenye soko la nje ya kambi, amekaa juu ya gunia. Walishikana, wakalia. Halafu yule bibi akafuta uso.

"Itabi la mama lipo?"

Itabi ni tumbaku. Hakuuliza nyumba wala mume, na mimi nilikuwa nimesimama pale.

"Lipo," Niyibizi akasema.

"Basi hatujaisha."

Tangu siku hiyo mke wangu hakulima tena kwa ajili ya uani kwetu tu. Kila msimu wachuuzi walimchukulia majani mpaka kambini. Mabibi wa kule waliisubiri. Waliacha nyumba na ng'ombe na makaburi, sasa kitu cha kwao kilichowafikia kilikuwa ni hicho, kinachopita puani kikakaa katikati ya nyusi. Niyibizi aliliona hilo kama deni la heshima. Alikuwa anaamka anaangalia tumbaku kabla hajaniangalia mimi.

Kisha ikaja mvua kubwa, ile ya Elnino.

Ilianza mapema ikakataa kukata. Luiche ikapanda. Ukuta wa jiko letu ukaanguka na chupa ya mbegu iliyokuwa inaning'inia juu ya mafiga ikapasuka kwenye tope. Mbegu nyingine yote alikuwa ameshaimwaga kitaluni. Miche ilikuwa imefika kidole urefu maji yalipoingia shambani.

Kati ya shamba letu na la Bonaventura kulikuwa na kichuguu kikubwa, mpaka wetu. Bonaventura ni Mha, mtu wa utani mwingi, naye alilima tumbaku, ile pana ya kuvuta. Siku maji yalipoingia tulikimbilia bondeni wote watatu. Yeye anang'oa yake, sisi tunang'oa yetu, mvua inapiga hadi hatuonani, na mahali pakavu ni kichuguuni tu. Tukawa tunachomeka miche pale, kila mtu anachomeka iliyoko mkononi. Iliyosombwa tukaidaka, ya nani hatujui.

Mingi ilikufa. Iliyobaki juu ya kile kichuguu ilikuwa michache, imedumaa, majani madogo yote, maana udongo wa mchwa ni mgumu. Hukuweza kusema huu ni wa majani mapana na huu sio. Yote ilifanana kama watoto wa mama mmoja.

"Shemeji, chukua yote," Bonaventura akasema. "Mbegu yangu mimi naipata sokoni kwa kijiko. Yako wewe utaipata wapi?"

Hakuwa na mahali pa kuipata. Hilo tulilijua. Shamba la mama yake kule Burundi lilikuwa na wenyewe wengine siku nyingi. Kama mche wake haukuwa kati ya ile ya kichuguuni, imekwisha. Na kama ulikuwepo, asipoujua, imekwisha vilevile.

Nieleze kwa nini. Tumbaku ikitaka kuchanua unakata kichwa, nguvu inarudi kwenye majani. Usipokata, jani linakuwa jepesi, karatasi tupu. Lakini ukikata hupati mbegu. Kwa hiyo mkulima anachagua shina la mbegu analiacha lichanue, mengine yote anakata. Kila mwaka Niyibizi alichagua bila wasiwasi, shamba lote lilikuwa lake. Mwaka huo ilibidi apime kwanza. Achukue jani la chini la kila shina, alikaushe juu ya moshi, alitie puani.

Na vichwa vilianza kutoka Ramadhani ilipoingia.

Sasa unajua tumbaku ya puani inaharibu funga. Mchana haigusiki. Akasubiri magharibi. Tulifuturu kwa uji na mihogo, akaloweka jani la shina la kwanza, akamimina, akabana. Nilimwona anayumba. Akashika nguzo ya baraza. Vidole vya miguu vyake mwenyewe vikajikunja. Alipoachia pua alikuwa anacheka na machozi.

"Ni hii, Baba Tausi! Ya kwanza tu! Mungu mkubwa."

Asubuhi akalifunga lile shina uzi mwekundu. Alitembea siku hiyo kama mwari.

Jioni yake akajaribu la pili, kwa kuhakikisha tu. Akayumba vilevile.

La tatu, jioni iliyofuata, likamwangusha kabisa, nikamnyanyua mimi.

"Labda yote ni yako," nikamwambia. "Ya Bonaventura imekufa yote."

"Mungu hana upendeleo huo," akasema. "Niitie Mzee Sumaili."

Mzee Sumaili akaja baada ya tarawehe na kibanio chake. Alikuwa na hamu, alikuwa hajaigusa toka juzi. Niyibizi akamwandalia vikombe viwili. Cha kwanza kikamtoa jasho, vidole vikajikunja, akapiga ukuta kofi. Alipotulia akapewa cha pili.

"Hii maji," akasema. "Hii ya Bonaventura. Mpe anyweshee mbuzi."

"Una hakika, mzee wangu?"

"Mwanangu, pua hii nimeanza kuitumia hujazaliwa."

"Vikombe vyote viwili ni jani moja," Niyibizi akasema. "Nimelikata katikati."

Mzee Sumaili akamwangalia. Akaangalia vikombe. Halafu akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Basi umenipata! Tumefunga, mwanangu! Pua ya mfungo! Mwezi huu hata ukinilowekea majani ya mgomba nitaona nyota. Na nikishaona nyota mara moja, ya pili siioni tena. Wewe hukulijua hilo?"

Hakulijua. Miaka yote, msimu ukigongana na mfungo, alingoja Idi ndipo aite wazee. Hakuwahi kupima kwa pua yenye njaa. Akafungua ule uzi mwekundu kesho yake, akautia mfukoni mwa gauni.

Na vichwa vya tumbaku havikuwa vinangoja Idi. Vilikuwa vinapanda kila siku. Akichelewa kukata, majani yanaharibika. Akikata bila kujua, labda anakata lenyewe.

Nikamshauri. "Fungua siku moja tu. Pima mchana, umeshiba, pua imetulia. Utailipa baada ya Idi."

"Nitamwambia nini Mungu? Kwamba nilikula mchana, mzima wa afya, kwa ajili ya tumbaku?"

"Mwambie ni ya mabibi wa kambini."

"Atasema mabibi hao anawajua kabla yangu."

Wazee wa pua wote walikuwa wamefunga. Tukamwendea Bonaventura, yeye ni Mkristo, hafungi. Akakataa hata kukaa.

"Shemeji, mimi pua yangu ni ya moshi. Nikinusa yangu nitasema nzuri, nikinusa yako nitasema nzuri ili usikasirike. Mpelekee bibi yako wa kambini."

Lakini barabara ya Kasulu ilikuwa imekatika, malori yamekwama mpaka madereva wanafua nguo njiani.

Siku ile jioni sikumwona Niyibizi nyumbani. Nilimfuata bondeni, nikamkuta amekaa chini ya kichuguu, kisu mkononi, miguu kwenye matope. Wachuuzi walikuwa wameshaanza kuuliza. Mmoja alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba asipokuwa na majani mwaka huu watachukua kwa mtu mwingine, na mabibi watazoea.

"Nikikata yote isipokuwa moja, nina majani ya kuwapelekea," akasema. "Kidogo, lakini nina kitu mkononi."

"Na mbegu?"

"Mbegu ya shina moja. La bahati."

"Na usipokata?"

"Sina jani hata moja la maana. Mwaka mzima. Nina mbegu za kila shina, na nyingine ni za Bonaventura."

Mimi si mtu wa maneno. Nilikaa naye. Nilitaka kumwambia akate, maana niliona aibu ya kurudisha wachuuzi mikono mitupu. Lakini shamba lilikuwa lake.

Akanikabidhi kisu.

"Kitatusaidia nyumbani kumenya mihogo," akasema.

Hakukata hata kichwa kimoja. Tumbaku yote ya kichuguuni ikachanua, maua ya waridi hafifu, mengi, watu walipita njiani wakasimama. Bonaventura akapiga kelele toka shambani kwake, "Shemeji, umefungua bustani? Maharusi waje kupiga picha?" Kila shina alilikusanyia mbegu zake peke yake, akazifunga kwenye kitambaa chake, Tausi akamsaidia kushona.

Mwaka ule tuliishi kwa mawese. Wachuuzi walikwenda kwa wengine. Mmoja alirudi akamwambia, bila ubaya, kwamba mabibi wanalalamika lakini wananunua. Niyibizi akasema, "Wanunue. Pua isikae bure." Usiku wa siku ile alinigeuzia mgongo, nikajua analia, nikamwekea mkono begani mpaka akalala.

Msimu uliofuata akapanda kila kitambaa tuta lake. Mvua ilikuwa ya kawaida, ardhi nzuri. Miezi miwili tu ikaonekana. Matuta mengine yalitoa majani mapana kama masikio ya tembo, ya Bonaventura hayo, yeye mwenyewe akaja akayasalimu kwa jina. Lakini matuta matatu yalibaki na jani jembamba, lenye manyoya, la kunata mkononi. Moyo wangu ukatulia. Wake bado.

"Matatu, Baba Tausi. Yalichanua pamoja, mchanganyiko upo. Moja ndilo."

Akakausha, akapima mwenyewe mchana, ameshiba, siku mbalimbali. Akaniambia kitu ambacho sikukitegemea.

"Nimesahau. Mwaka mzima sikuitia puani. Zote tatu zinanipiga sawa. Ya mama yangu ni ipi, sijui."

Barabara ilikuwa imetengenezwa. Tukapanda lori la chumvi mpaka kwenye lile soko la kambini. Mama mdogo Ndayikunda alikuwa amekonda, macho yameanza ukungu, lakini alimjua Niyibizi kwa kumshika mkono.

"Mwaka jana ulituacha tunanusa takataka," akamwambia.

"Nilikuwa nailea, mama."

"Mtoto gani anakaa tumboni mwaka mzima?"

Mabibi wengine waliokuwa karibu wakasogea na vikombe vyao vya plastiki. Niyibizi akawazuia. Alitaka pua moja kwanza. Akaloweka la tuta la kwanza. Bibi akamimina, akabana. Akakaa. Akaachia.

"Nzuri. Ya jirani yetu kule ilikuwa hivi."

Tukangoja. Niyibizi hakutaka haraka, akamnunulia uji, wakaongea habari za waliokufa na waliozaliwa, jua likazunguka upande wa pili wa kibanda. La pili. Bibi akatikisa kichwa kabla hata hajaachia pua, akatema pembeni.

"Inashuka kooni. Hii mpe adui."

Tukangoja tena. Mke wangu akalivunja jani la mwisho, akaliloweka. Akamimina yeye mwenyewe kwenye kiganja cha mama yake mdogo. Bibi akavuta, akabana kwa vidole vyake viwili vilivyokauka.

Machozi yakaanza. Niyibizi hakumwangalia uso. Alikuwa ameinama, anaangalia miguu, na mimi nikainama naye. Vidole vya yule bibi vilijikunja kimoja kimoja, vikashika mchanga. Kisha akaanza kumpiga Niyibizi paja, pa, pa, pa, kwa mkono uliobaki, hawezi kusema, pua imebanwa. Mabibi wote wakaanza kucheka na kupiga makofi kabla hajaachia.

Alipoachia alisema kwa Kirundi, "Ni ryo! Ni ryo!" Ndilo hilo. Halafu akanigeukia mimi, mara ya kwanza toka tujuane.

"Mkwe, na wewe unanusa?"

"Hapana, mama. Mimi naanguka."

"Basi tunza anayelima."

Jani lote tulilokuja nalo liligawanywa palepale. Lakini Niyibizi alikuwa na kitu kingine kifundoni mwa kanga, na hilo hakuwa ameniambia. Ilikuwa mbegu ya matuta yote matatu, kila moja fundo lake, akafungua la tatu. Akawagawia mabibi, kila mmoja akachukua iliyonata kwenye ncha ya kidole kilicholowa mate. Wengi walikuwa na vijibustani nyuma ya vibanda vyao, vya mchicha na vitunguu. Tuliporudi akampa Bonaventura. Akampa Mzee Sumaili, ambaye hajawahi kulima kitu. Akawapa mpaka watu wa Bangwe waliokuja kuomba.

"Utakosa wateja," nikamwambia.

"Nimeshawahi kukosa mbegu," akasema. "Wateja ni kitu gani?"

Alilima miaka mingine mingi baada ya hapo. Wateja hakukosa sana. Mama mdogo alirudi kwao wakati watu walipoanza kurudi, na alirudi nayo. Tulipata habari kwamba ilishika kule.

Sasa nipo peke yangu, Tausi yuko kwa mumewe Kigoma mjini, anakuja Ijumaa. Shamba la bondeni nimemwachia analima mjukuu wa Bonaventura. Siku zingine nyumba inakuwa kimya mno, natoka, natembea hadi pwani.

Juzi nilifika Bangwe kwenye soko la samaki. Wanawake wawili walikuwa wamekaa na mafungu yao ya tumbaku, wanagombana mbele ya mteja.

"Hii ndiyo ya Niyibizi yenyewe. Mama yangu alipewa mbegu mkononi."

"Mkononi kwa nani, wewe? Ya Niyibizi inapanda hapa, hapa. Yako inapanda sikioni!"

"Jaribu basi! Jaribu halafu useme!"

Hawakunijua. Nilikaa kwenye boti lililopinduliwa nikawasikiliza mpaka adhana ya alasiri. Hawakupatana.